Kuomba bei ya magazeti posta ya Marekani: fomu ni rahisi, kazi iko kwenye daftari la wanaolipia

Wazee mtakumbuka, magazeti ya zamani kule nyumbani yalikuwa na kimstari kidogo cha kusema limeandikishwa Posta kama gazeti, na wengi tulikuwa tunakipita tu. Kazi ya kile kimstari ilikuwa bei. Huku Marekani kitu hicho hicho kipo mpaka leo, kinaitwa Periodicals, sheria ya mwaka 1879 ilikiita daraja la pili na jina la sasa limekuja 1996, na gazeti likishaingia humo linasafiri kwa pesa kidogo kuliko ukilibandika stempu ya barua. Naandika kwa sababu kila nikienda mikutano ya jumuiya nakuta mtu ana gazeti lake la Kiswahili, kurasa nane au kumi na mbili, ananivuta pembeni ananiuliza fomu iko wapi. Fomu ni PS Form 3500, iko bure kwenye tovuti ya posta. Kinachowaangusha watu siyo fomu, ni daftari.

Ila kabla hujaigusa piga hesabu kwanza. Maombi yana ada, kiasi chake angalia kwenye Notice 123 ambayo ndo orodha ya bei za posta maana zinabadilika badilika, na wakikukatalia hiyo pesa hairudi. Kama nyie ni kanisa au msikiti au chama kisicho cha biashara na kijarida chenu mnagawa bure, mi ningewashauri msihangaike na Periodicals, ombeni bei ya nonprofit ya Marketing Mail, daraja la posta la vitu vinavyotumwa kwa wingi, kwa Form 3624, maombi yenyewe hayana ada, permit ya kutumia ndo inalipiwa kila mwaka, na kila mkituma ziwe angalau nakala 200 au uzito wa pauni 50. Basi.

Bado unataka Periodicals? Haya. Gazeti litoke angalau mara 4 kwa mwaka kwa ratiba inayoeleweka, liwe na ofisi inayojulikana ambapo mtu anaweza kuja saa za kazi akaulizia mambo ya gazeti (sanduku la posta peke yake halitoshi), na zaidi ya yote angalau nusu ya nakala unazosambaza ziende kwa watu waliolipia kweli. Bei ya kuzugia ya kusema toa senti kumi upate mwaka mzima haihesabiki. Kuna njia nyingine ya watu walioomba gazeti bila kulipa, nayo ina masharti yake, kila toleo liwe na kurasa 24 kwenda juu na yale maombi ya wasomaji yasizidi umri wa miaka 3, kwa gazeti dogo la kwetu kurasa 24 kila toleo ni mlima, kwa hiyo naongelea ya kulipia tu.

Sasa hapa kwenye kulipia ndo sisi tulianguka mara ya kwanza. Watu walikuwa wamelipa, tena vizuri, lakini wametuma kwa simu na ile sehemu ya maelezo kila mtu kaandika lake, mmoja "mchango", mwingine "gazeti na harusi ya Mwajuma", mwingine kaweka picha ya mandazi tu. Dada wa posta aliyekuja kukagua vitabu alikuwa mpole kabisa, akaniuliza hii mchango maana yake nini, nikamweleza, akaniambia basi hiyo ni zawadi siyo malipo ya gazeti. Na alikuwa sahihi, ningemjibu nini? Karibu theluthi ya orodha yetu ikayeyuka pale mezani. Tuliporudi upya tukafungua daftari lenye jina, anwani, tarehe ya kulipa, kiasi, toleo la kuanzia na toleo la mwisho, na kila anayelipa anaambiwa aandike "gazeti mwaka mmoja" hata kama ni shangazi yako, na asiyeandika tunamkatia risiti tunabaki na kopi. Kama gazeti liko ndani ya ada ya uanachama wa chama, wanachama waandikiwe wazi kwenye ile ada kiasi gani ni cha gazeti.

Hatua inayofuata ni maandishi ya utambulisho ndani ya gazeti lenyewe, yawe kurasa tano za mwanzo, na maneno ya posta yenyewe ni ya Kiingereza hata kama gazeti zima ni Kiswahili. Weka jina la gazeti, tarehe na namba ya toleo, linatoka mara ngapi, bei ya mwaka, anwani ya ofisi, namba ya ISSN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha magazeti (unaomba Library of Congress na hawatozi kitu, usipokuwa nayo posta watakupa namba yao), halafu wakati maombi hayajajibiwa unaandika "Application to Mail at Periodicals Postage Prices is Pending at" na mji wako, na mwisho kabisa "POSTMASTER: Send address changes to" na anwani yenu. Hapo kwenye linatoka mara ngapi kuwa mkweli jamani. Mkiandika kila mwezi, ina maana kila mwezi, na sote tunajua Agosti nusu ya kamati iko Mombasa au Dar. Inaruhusiwa kuandika kila mwezi isipokuwa Agosti, iandikeni tangu mwanzo, maana kubadilisha baadaye kunataka Form 3510 na ada nyingine.

Matangazo. Kikomo ni asilimia 75, yaani matoleo yanayopita hapo ndani ya miezi 12 yasizidi nusu, magazeti yetu mengi hayafiki hata nusu ya hiyo, lakini lazima upime. Chukua rula, zungushia kalamu nyekundu kila tangazo, pima inchi za safu, gawa kwa jumla. Tangazo ni chochote ulichopokea kitu kwa ajili yake, siyo pesa tu. Mama mwenye mgahawa akikupa trei ya sambusa kwenye uzinduzi nawe ukamwandikia nusu ukurasa wa kumsifu, hilo ni tangazo, na kwa kuwa limeandikwa kama habari sheria inataka juu yake paandikwe neno "advertisement".

Ukishakuwa na toleo lililochapwa, hapo ndo unapeleka fomu, siyo kabla, maana wanataka kuliona gazeti lenyewe. Beba Form 3500 iliyojazwa, nakala ya toleo iliyozungushiwa matangazo, ada na daftari lako, nenda posta ya mji ule ule wa anwani ya ofisi yenu, na usisimame foleni ya stempu, ulizia dawati la Business Mail Entry, la wanaotuma kwa wingi. Wao wanapokea na kukagua, uamuzi unatoka ofisi yao ya Pricing and Classification Service Center.

Wakati unasubiri, gazeti linaendelea kutoka na unalilipia bei nyingine, mfano Marketing Mail. Inauma lakini posta wanaweka kumbukumbu ya kila ulichotuma tangu uwasilishe maombi, na ukikubaliwa wanakurudishia tofauti. Ukikataliwa hakuna cha kurudishiwa. Kwa hiyo weka kopi ya kila karatasi waliyokusainia, usiamini kichwa chako.

Ukipata, kila ukituma unaambatanisha Form 3541, ya hesabu ya malipo, na nakala iliyopimwa matangazo, kwa sababu uzito wa matangazo unalipiwa kivyake kulingana na umbali na uzito wa habari unalipiwa kivyake. Nakala zinazobaki ndani ya kaunti yenu zina bei yake ya chini zaidi kama wanaolipia hawajafika 10,000, sisi wasomaji wengi wako kaunti moja kwa hiyo hapo tulipata nafuu kuliko nilivyotegemea. Na kila mwaka, mwisho Oktoba 1, unapeleka Form 3526, inayosema mwenye gazeti ni nani na nakala ngapi zimelipiwa, halafu unaichapa gazetini, wa zaidi ya mara moja kwa wiki isivuke Oktoba 10, wa kila wiki mpaka wa kila mwezi isivuke Oktoba 31. Mi nimeiandika kwenye kalenda ya jikoni, Septemba 15, kwa wino mwekundu.