Somo: Kurudisha mng'ao wa kaseti za taarabu kwa eksaita ndani ya Audacity

Kaseti ya taarabu iliyokaa kabatini miaka thelathini, ukiihamishia kwenye kompyuta, mara nyingi hutoka na besi ya kutosha lakini fidla imefifia na maneno ya mwimbaji hayana ncha. Wengi hukimbilia ikwalaiza, yaani kirekebishi cha besi na sauti kali, na kupandisha sauti kali za karibu na 10 kHz. Kinachopanda ni ile shhh ya tepu, kwa sababu muziki uliokuwa juu pale umeshapotea.

Ikwalaiza hupandisha kilichopo, eksaita hutengeneza kilichokosekana. Huchukua sauti za 4 kHz, kwa mfano, ikazikwaruza kidogo (distortion) hadi zikazaa haimoniki, yaani sauti za juu zilizo mara mbili au tatu yake, za 8 kHz na 12 kHz, halafu mazao hayo yakachanganywa kwa kiasi kidogo sana na sauti asilia. Kampuni ya Aphex ya Marekani ilipoleta Aural Exciter katikati ya miaka ya 1970, studio zilikikodi kifaa hicho na kulipa dola 30 kwa kila dakika ya rekodi iliyokamilika. Leo unaweza kuijenga kazi hiyo mwenyewe bila senti ndani ya Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Enhansa, yaani vifaa vya kunoa sauti kama BBE Sonic Maximizer, ni jamii nyingine: yenyewe huchelewesha besi kwa milisekunde chache ili sauti za juu zitangulie, na huzipandisha kufuatana na muziki. Kwa kaseti iliyofifia, eksaita ndiyo dawa.

Anzia kwenye deki

Usiguse programu kabla ya kusafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti. Kisha tazama pembe ya kichwa. Kando yake kuna skrubu mbili, na yenye springi ndiyo ya kurekebishia. Tia alama mahali ilipo, cheza kaseti, unganisha kushoto na kulia ziwe mono, halafu igeuze polepole, pungufu ya robo mzunguko kila upande. Simama pale shhh na sauti kali zinaposikika zaidi. Pembe ikikosewa, chaneli mbili hufutana huko juu, na hapo utajikuta unatibu kwa eksaita ugonjwa ambao bisibisi ingeumaliza.

Kazi yenyewe

1. Chagua sekunde moja au mbili zenye shhh tupu, fungua Noise Reduction, chukua sampuli, kisha chagua rekodi nzima na upunguze dB 6 hadi 9. Ukizidisha sana, sauti huanza kulia kama maji yanayobubujika.

2. Badilisha kiwango cha sampuli cha treki kiwe 96000 Hz kwa Resample. Kwenye 44100 Hz, sauti ya 9 kHz ikizaa haimoniki ya tatu, yaani 27 kHz, haina pa kukaa, maana kiwango hicho hubeba sauti hadi nusu yake tu. Hurudi chini ikatua 17.1 kHz, mahali pasipohusiana na wimbo.

3. Chagua treki yote, bonyeza Ctrl+D. Ya juu tuiite A, na hatuigusi tena. Nakala ni B.

4. Kwenye B weka High-Pass Filter, chujio linalopitisha sauti za juu tu, 3500 Hz, mteremko wa dB 24.

5. Pandisha B kwa Amplify hadi kilele kifike −6 dB.

6. Fungua Distortion, chagua Even Harmonics, anza na kiasi cha 40.

7. Weka tena High-Pass Filter, safari hii 7000 Hz, dB 24. Hapa unaondoa sehemu kubwa ya sauti za awali zilizobaki ndani ya B. Ukiziacha, zitagongana na za A karibu na 4 kHz, na mwimbaji atatoka mtupu kama anayeimbia ndani ya mtungi.

8. Shusha fida (kitelezi cha ukubwa wa sauti) ya B hadi chini kabisa, cheza zote mbili, ipandishe taratibu. Ukiisikia tu, rudi chini dB 2 au 3. Mara nyingi utaangukia kati ya −20 na −14.

Kipimo chake ni kuizima B. Wimbo ukififia kidogo, umepatia. Ukisikia kitu kimeondolewa, ulikuwa umezidisha. Sikio huzoea ukali upesi mno, kwa hiyo pumzika dakika kumi kabla ya kuamua, na linganisha kwa sauti iliyo sawa, maana chenye sauti kubwa zaidi hudanganya kuwa ndicho kizuri.

Maswali ya wanachama

Shikamoo fundi. Nimefuata hatua zote, lakini B haileti tofauti yoyote.
Marahaba. Bila shaka umeruka hatua ya 5. Baada ya chujio la kwanza sauti hubaki ndogo sana, na mkwaruzo hutegemea ukubwa wa sauti inayoingia. Ikiingia dhaifu, hutoka karibu kama ilivyoingia.

Herufi s na sh zinachoma masikio.
Nguvu zake nyingi ziko kati ya 5 na 8 kHz, nazo hukwaruzwa kuliko kila kitu. Rudi kwenye B kabla ya hatua ya 6, tafuta s moja moja, zipunguze dB 6. Kazi inachosha lakini ndiyo safi. Njia ya mkato ni kupandisha chujio la pili hadi 9000 Hz.

Naweza kuiweka eksaita kwenye maiki za kwaya ukumbini?
Hapana, ndugu. Kila maiki iliyofunguliwa itakaribia kupiga mbinja. Kama ni lazima, mpe mwimbaji kiongozi peke yake. Na kama spika zenu ni honi za nje, nyingi hazifiki vizuri juu ya 8 kHz, utakuwa unatengeneza kitu kisichosikika.

Nina wimbo wa MP3 ya 128 kbps tu, kaseti ilipotea.
Inawezekana, ila MP3 hiyo mara nyingi hukatwa karibu na 16 kHz na huacha mikwaruzo ya kubanwa, ambayo eksaita nayo huizalisha. Tumia kiasi cha 20 badala ya 40, B isizidi −20 dB, na uhifadhi kwa WAV, usibane mara ya pili.