Dokumentari ya chuo imewafia mikononi? Fanyeni hivi kabla hamjafuta kitu

Mhusika mkuu kajitoa, nusu ya mahojiano yana mvumo, tarehe ya kukabidhi inakaribia na kwenye grupu watu wameshaanza kutupiana lawama. Inauma sana manake mmejituma kweli. Ila kwa miradi ya wanafunzi mara nyingi kilichokufa ni ule mpango mlioandika, sio picha mlizorekodi, kwa hiyo msikimbilie kushuti upya na msifute chochote.

Cha kwanza lindeni vilivyopo. Kopi tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, na moja ikae mbali na zingine. Kama memori kadi imefomatiwa kwa bahati mbaya itoeni kwenye kamera hapo hapo msirekodi tena kitu juu yake, kwa sababu mara nyingi kufomati kunafuta orodha ya mafaili tu, data yenyewe inakuwepo mpaka iandikiwe juu. Kuna programu ya bure inaitwa PhotoRec, jaribuni nayo, ila mafaili yanarudi bila majina yake na mengine yanarudi yamekatika, na mnachookoa kihifadhiwe kwenye hadi diski nyingine, sio kadi ile ile.

Sasa inakuja kazi ambayo wengi wanairuka na ndo inayookoa filamu: kaeni timu nzima mtazame kila klipu mwanzo mwisho bila kufungua programu ya kuediti. Kila klipu iandikieni mstari, inaanza dakika ya ngapi, nani anaongea, nini kinatokea. Mahojiano yenye uzito yaandikeni neno kwa neno. Na ile mada yenu ya mwanzo iwekeni pembeni kwanza, wekeni alama pale ambapo wote mlijikuta mmenyamaza mnasikiliza hata kama hapahusiani kabisa na mlichokuwa mnatafuta. Angalieni pia vipande vya baada ya swali la mwisho, watu wengi hapo ndo wanalegea wanaongea ya moyoni (ila kama mtu alidhani kamera imezimwa, rudini kwake mumuombe ruhusa, hilo halina mjadala).

Mkimaliza jiulizeni, humu ndani nani anatafuta kitu na kuna kinachomzuia? Hata kama alikuwa mhusika wa pembeni, filamu iko kwake. Andikeni matukio yake kwenye vikaratasi, yapangeni mezani, na mkubali kwamba dakika 20 mlizopanga zinaweza kuwa 7. Dakika 7 zenye mtu ndani yake nazipenda mara mia kuliko 20 za kujaza.

Kuna wanaoamua kugeuza filamu iwe kuhusu wao wenyewe walivyoshindwa. Inawezekana, watengeneza dokumentari Keith Fulton na Louis Pepe mwaka 2000 walikuwa Uhispania wakirekodi mwongozaji Terry Gilliam anavyotengeneza filamu yake ya Don Quixote, mafuriko yakaharibu vifaa, mwigizaji mkuu akaugua mgongo, kazi ikasimama, na wao wakatoka na dokumentari ya Lost in La Mancha mwaka 2002. Lakini wale kamera ilikuwa inazunguka wakati mambo yanaharibika. Nyie kama hamkurekodi hayo matatizo yakitokea, mtabaki kukaa mbele ya kamera mkisimulia, na hapo hamna filamu.

Upande wa sauti, mvumo wa umeme unakaa kwenye Hz (mitetemo kwa sekunde) 50 au 60 kutegemea nchi, na kwenye namba zinazozidishwa kutoka hapo, kama 100 na 150 pale penye Hz 50, zikateni hizo kwenye Audacity, programu ya bure ya kuediti sauti. Kupunguza kelele fanyeni kidogo kidogo, ukizidisha mtu anasikika kama yuko ndani ya pipa. Sauti iliyopasuka kwa kurekodiwa juu sana hairudi vizuri, bora muweke maandishi chini au mumuombe mhusika asimulie upya kwenye chumba tulivu, hata kwa simu. Picha mbovu mtu anavumilia, sauti isiyosikika hapana.

Aliyejitoa msimlazimishe hata kama alisaini fomu ya kukubali kurekodiwa. Muulizeni kwa upole anaogopa nini, pengine anataka tu sura isionekane au jina libadilike, ila mkumbuke kuficha sura peke yake hakutoshi kama sauti yake inajulikana. Akikataa kabisa, ondoeni kila kipande chake kwenye filamu.

Kushuti tena ni mwisho kabisa, baada ya kupata mkato wa kwanza (filamu nzima ikiwa imeunganishwa kwa mara ya kwanza), mkiwa na orodha ya mapengo tu: picha ya kuunganisha hapa, mikono ikifanya kazi pale, na sekunde 30 za ukimya wa kila chumba mlichofanyia mahojiano maana zinaziba mikato mingi.

Na mwalimu mwambieni mapema, msisubiri siku ya kukabidhi. Nendeni na ukurasa mmoja unaoeleza filamu mpya ni ya nani, pamoja na dakika mbili zilizoeditiwa, alafu muulizeni moja kwa moja kama kubadilisha mada kunahitaji fomu mpya ya maombi.