Viungo vya kubofya kwenye terminali: misimbo ipi utumie

Tuseme una skripti inayoorodhesha boti za Unguja na Pemba, na kila safari ina anwani ndefu ya ukurasa wa tiketi. Zikimwagika zote kwenye skrini, hata jina la bandari hulioni. Tangu 2017, GNOME Terminal na iTerm2, ambazo ni terminali (madirisha ya kuandikia amri), zinaweza kuificha anwani nyuma ya jina kwa msimbo uitwao OSC 8, na nyingine nyingi zimefuata.

1. Lijue umbo lake. ESC (herufi ya Escape isiyoonekana), kisha `]8;;`, anwani, kifungio (alama ya kufunga msimbo, tazama hatua ya 3). Jina. Kisha ESC, `]8;;` bila anwani, kifungio tena. Hiyo ya mwisho usiiache, la sivyo kila kitakachochapishwa baadaye kitakuwa kiungo cha bandari ya Mkoani.

2. Chagua namna ya kuandika ESC. Bash inaelewa `\e` na `\x1b`, lakini POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya Unix, haizidhamini kwenye amri ya kuchapisha, `printf`. Andika `\033` ulale usingizi.

3. Chagua kifungio. Viko viwili: `\007`, yaani kengele, uliorithiwa kutoka terminali ya zamani, xterm, na `\033\\`, ulio katika kiwango cha ECMA-48. Terminali nyingi hupokea vyote. Mimi hutumia wa pili, maana terminali isiyoelewa OSC ikikutana na kengele inaweza kuipiga kweli, na orodha ya boti ishirini ni makelele matupu. Hata GCC, kikusanyaji cha programu, hukuachia uchague `st` (huo wa pili) au `bel` (kengele) kupitia kigeu cha mazingira `GCC_URLS`.

4. Iandike.

```
kiungo() {
  if [ -t 1 ]; then
    printf '\033]8;;%s\033\\%s\033]8;;\033\\\n' "$1" "$2"
  else
    printf '%s: %s\n' "$2" "$1"
  fi
}
kiungo 'https://example.org/boti/Mkoani%20asubuhi' 'Mkoani'
```

Angalia hiyo `%20`, nafasi iliyosimbwa. Anwani ipitishe kwa `%s`. Ukiichomeka ndani ya umbo la `printf`, alama ya asilimia itasomwa kama amri na anwani itaharibika. Nayo `[ -t 1 ]`, inayouliza kama matokeo yanaenda kwenye terminali, ndiyo inayomwokoa mwenzako wa Chake Chake unayemtumia orodha kwenye faili, asije akaletewa takataka za `]8;;`.

5. Jaribu. Kwenye GNOME Terminal shika Ctrl ubofye. Ndani ya tmux, programu ya kugawa terminali, unahitaji toleo la 3.4 au jipya zaidi. Kisha endesha skripti yako, `sh boti.sh | cat -v`: ukiona `^[` (ndiyo ESC) popote, rudi kwenye hatua ya 4.