Miisho ya vivumishi vya Kilatini vya kiwango cha juu kabisa

Ukijifunza Kilatini, usihangaike kukariri miisho mipya ya vivumishi vya kiwango cha juu kabisa, kwa kuwa vyote, hata vile ambavyo katika umbo la kawaida ni vya kundi la tatu la miisho (kama fortis, «shujaa»), hufuata miisho ya bonus, bona, bonum («-ema» katika jinsi ya kiume, ya kike na isiyo ya kiume wala ya kike). Kwa hiyo «pamoja na askari shujaa» ni cum milite forti, lakini akiwa shujaa kupita wote ni cum milite fortissimo, wala si fortissimi: nomino hubaki katika kundi lake na kivumishi katika lake. Ugumu halisi umo katika kuunda shina. Vinavyoishia na -er huongeza -rimus, kama pulcherrimus; sita tu vya -lis, vikiwemo facilis na humilis, hupata -limus, kama facillimus, ilhali utilis huwa utilissimus, na hapo ndipo wanafunzi wengi huteleza.