Jinsi ya kufunga kamera, laptopu na betri kwa safari ya ndege

Funga mzigo wako ukijua kwamba mlangoni pa ndege kuna mtu atakayeushika mkoba na kusema uteremshwe chini, tumboni mwa ndege. Hutokea kila siku: makabati ya juu ya viti yamejaa, ndege imebadilishwa ikaja ndogo, au mzani umesoma kilo 11 mahali panaporuhusiwa 7. Aliyejipanga huchomoa vitu viwili kwa dakika moja, akakabidhi mkoba na kupanda. Asiyejipanga hupanga lenzi sakafuni huku abiria wenzake wakimruka.

Kwa hiyo, kabla hujagusa zipu yoyote, gawa vifaa mafungu matatu mezani. Fungu la kwanza ni vile ambavyo kazi haifanyiki bila hivyo, au haviwezi kununuliwa tena: laptopu, bodi moja ya kamera (kamera bila lenzi), lenzi moja ya kazi, na kadi na diski zenye picha. Hivi vinaingia kwenye mkoba mdogo unaokaa chini ya kiti cha mbele yako, na mkoba huo usimpe mtu yeyote. Fungu la pili ni betri zote za akiba na pawabenki, ndani ya kifuko kimoja kinachokaa juu kabisa ya mkoba mkubwa wa mkononi. La tatu ni vinavyostahimili kutupwa: tripodi, stendi za taa, miavuli, chaja, nyaya. Hivyo vinakwenda kwenye begi la chini, vikizungushiwa nguo.

Betri

Hapa ndipo vifaa vingi hukamatwa. Betri ya lithiamu iliyo nje ya kifaa chake haiingii kabisa kwenye mzigo wa chini, na pawabenki huhesabiwa kuwa betri ya akiba hata kama haijachomekwa kitu. Sababu ni ya msingi. Betri ikipata shoti hupanda joto, seli moja ikawasha ya jirani, na ile gesi ya kuzimia moto tumboni mwa ndege huua ndimi za moto tu, haipozi seli iliyokwisha kuanza kuchemka. Ndani ya kebini wahudumu huiona na kuimwagia maji. Ndiyo maana hata mkoba wako ukichukuliwa mlangoni pa ndege, kifuko cha betri lazima kibaki nawe.

Kipimo kinachotumika ni wati-saa (Wh). Hadi 100 hakuna ruhusa inayohitajika, ingawa shirika linaweza kuweka idadi. Zaidi ya 100 hadi 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege, na za akiba zisizidi mbili. Zaidi ya 160 hazibebwi na abiria. Kama betri haikuandikwa wati-saa, zidisha volti kwa miliampea-saa (mAh), kisha gawa kwa 1,000. Betri ya Canon LP-E6NH ni volti 7.2 na miliampea-saa 2,130, yaani wati-saa 15 na kidogo. Ya Sony NP-FZ100 ni 16.4. Hizo hazina shida. Ya droni ya DJI Mavic 3 ni 77. Pawabenki ya 20,000 ni 74, lakini ya 30,000 ni 111, na hiyo tayari inahitaji kibali. Wengi hukosea kwa kutumia volti 5 zinazotoka kwenye tundu la USB; hesabu inayokubalika ni ya seli za ndani, volti 3.7.

Betri kubwa za video zenye wati-saa 98 zimetengenezwa hivyo makusudi zipite chini ya mstari. Zile za 150 ziombee kibali kwa barua pepe siku kadhaa kabla, ukichapishe, ukibebe pamoja na pasipoti. Kauli ya mtu uliyeongea naye kwenye simu haina nguvu kaunta. Flashi kubwa za studio zinazotumia betri, mfano Godox AD600 Pro, zivue betri yake ya takriban wati-saa 75 uibebe mkononi, kichwa cha taa kiende chini.

Kisha ziba ncha. Betri za kamera zivishe vifuniko vyake vya plastiki. Kama vimepotea, bandika tepu ya umeme juu ya vidoti vya shaba. Betri za AA zikae kwenye kiboksi, zisichanganyike na funguo wala sarafu. Maandishi ya pawabenki yakiwa yamefutika, iache nyumbani, kwa sababu afisa asiyeweza kusoma kipimo ana haki ya kuichukua. Na betri iliyovimba usisafiri nayo hata iwe mpya kiasi gani.

Soma pia masharti ya shirika lenyewe, maana mengine yamebana kuliko kanuni ya jumla. Emirates, inayobeba watu wengi kutoka Dar es Salaam na Nairobi, tangu 1 Oktoba 2025 inaruhusu pawabenki moja tu kwa abiria, iwe chini ya wati-saa 100, isitumike angani, na isiwekwe kwenye kabati la juu.

Kilo

Emirates na Qatar Airways huruhusu kilo 7 za mkononi daraja la kawaida. Piga hesabu: bodi ya Canon R5 yenye betri na kadi ndani ni gramu 738, lenzi ya RF 24-70 f/2.8 ni gramu 900, RF 70-200 f/2.8 ni gramu 1,070, na MacBook Pro ya inchi 14 ni kilo 1.6. Jumla kilo 4.3, na bado hujaweka betri za akiba wala mkoba wenyewe. Ukichagua sanduku gumu kama Pelican 1510, ambalo likiwa tupu linapita kilo 5, umeshindwa kabla hujaanza. Chukua mkoba laini wa mgongoni usiozidi kilo moja na nusu, na nunua mzani mdogo wa kuning'iniza. Koti lenye mifuko mikubwa nalo husaidia: lenzi ya 70-200 mfukoni, pale kaunta, ni kilo moja ambayo mzani hauioni.

Anayekwenda mbugani apange kwa safari ya mwisho, si ya kwanza. Ndege ya kutoka Ulaya inaweza kukupa mabegi mawili ya kilo 23, lakini ndege ndogo za kutoka Arusha kwenda Serengeti, au kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Maasai Mara, kwa kawaida zinatoa kilo 15 tu, mzigo wa mkononi ukiwemo. Tena wanataka begi laini, lisilo na magurudumu wala fremu, kwa sababu mizigo ya Cessna Caravan husukumwa kwenye kasha lililo chini ya tumbo la ndege, na milango yake ni midogo. Sanduku gumu huachwa uwanjani. Mwenye lenzi ya milimita 600 na bodi mbili anunue kiti cha ziada kwa ajili ya vifaa, na akiombe anapokata tiketi. Siku ya safari viti huwa vimekwisha. Sanduku lenyewe na visivyohitajika porini liache hotelini mjini.

Kwenye mashine za ukaguzi

JNIA (Dar es Salaam) na JKIA (Nairobi) mzigo hupita mashine tangu mlango wa jengo, kisha tena kabla ya kupanda, hivyo laptopu ikae mahali inapochomoka bila kufumua mkoba. Eksirei haidhuru kadi, diski wala sensa ya kamera. Filamu ni habari nyingine: mashine mpya za CT, zinazopiga picha ya mzigo kutoka pande zote, zinaweza kuitia ukungu kwa kupita mara moja tu. Toa roli zote kwenye vikopo, uzitie kwenye mfuko unaoonekana ndani, na uombe kwa adabu zikaguliwe kwa mkono. Kamwe usiziweke begi la chini, ambako miale ni mikali zaidi.

Makopo ya hewa ya kupulizia vumbi hayaruhusiwi. Beba pampu ya mpira. Spana za tripodi, bisibisi na kisu cha kukunja viende chini. Mifuko ya plastiki ya kubebea iliyopigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu Juni 2019 usiifungie vifaa. Tumia mifuko ya kitambaa kisichopitisha maji.

Kompyuta ya mezani ikibidi isafiri, ing'oe kadi ya grafiki na feni kubwa ya prosesa uzifunge peke yake. Uzito wake ukiachwa uning'inie, begi likiangushwa mara moja soketi hupasuka. Laptopu ikilazimika kwenda chini, izime kabisa, usiiache imelala, maana iliyolala huweza kuamka na kupata joto katikati ya nguo.

Forodha

Mkazi wa Afrika Mashariki anayetoka na vifaa vyake ndiye anayesahau hili zaidi. Ukirudi, afisa hana namna ya kujua kama kamera ile ulitoka nayo au umeinunua Dubai. Andaa orodha: aina ya kifaa, kampuni, modeli, namba ya mfululizo, thamani kwa dola, mwaka ulioinunua. Chapisha nakala tatu, ziambatanishe na risiti, na wahi dawati la forodha kabla hujakabidhi begi ili ofisa alinganishe namba na kugonga muhuri. Tenga saa nzima ya ziada. Anayeingia kufanya kazi naye abebe orodha hiyohiyo pamoja na barua ya kazi. Droni iwe na kibali mkononi kabla ya kupanda ndege, kutoka mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA kwa Kenya au TCAA kwa Tanzania. Bila hicho huzuiwa forodha.

Ukishatua

Dar, Mombasa na Zanzibar, usifungue mkoba pale nje ya mlango. Vioo vilivyopoa kwa saa nane hushika unyevu papo hapo, na unyevu ukiingia ndani ya lenzi huzaa kuvu. Uache umefungwa kwa saa moja.

Ila begi la chini lifungue ukiwa bado ndani ya ukumbi wa mizigo. Kitu kikiwa kimevunjika au hakipo, andikisha ripoti kwenye dawati la shirika kabla ya kutoka, upige picha begi na lebo yake. Chini ya Mkataba wa Montreal, unaosimamia fidia katika safari za ndege za kimataifa, fidia ya mizigo kwa abiria ina kikomo cha SDR 1,519 (kipimo cha fedha cha IMF) tangu 28 Desemba 2024, takriban dola 2,000, yaani haifiki bei ya lenzi moja nzuri. Kinachozidi hapo ni kazi ya bima yako. Na malalamiko ya uharibifu yafike kwa shirika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu upokee begi. Siku ya nane, dai limekufa.