Namna ya Kuchagua Nguo za Mitumba Zitakazodumu

Zamani, mtu aliyevaa shati la mtumba ofisini hakupenda kuulizwa alikolinunua. Leo, katika masoko kama Karume jijini Dar es Salaam, Memorial mjini Moshi, Gikomba jijini Nairobi au Kongowea mjini Mombasa, wenye mishahara na wanafunzi wa vyuo vikuu huchagua pamoja na wengine bila kujificha, na vijana wengi wamejiajiri kwa kuchambua nguo nzuri, kuzifua, kuzipiga picha na kuziuza upya kupitia Instagram na WhatsApp. Wanunuzi hawa wanatafuta kitambaa kizito, mshono imara na nguo ambayo hawataikuta kwa kila jirani. Hata hivyo, mtumba hauna dhamana, na mali ikishauzwa mara nyingi hairudishwi. Kwa hiyo ukaguzi wote unapaswa kufanyika kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Kazi huanzia nyumbani. Chukua gauni, shati au suruali inayokukaa vizuri, ilaze mezani na uipime kwa futi kamba: kifua kutoka kwapa hadi kwapa, kiuno, nyonga, urefu wa mkono na urefu wa mguu kwa ndani, kisha uhifadhi vipimo hivyo kwenye simu. Usizitegemee namba za lebo, kwa sababu nguo hutoka nchi nyingi, na gauni la namba 12 la Uingereza hukaribiana na namba 8 ya Marekani na namba 40 ya Ufaransa. Tena, nguo iliyofuliwa kwa miaka huenda imekwisha kurudi au kutanuka.

Ni vyema pia kuelewa hali ya mchuuzi. Yeye hununua belo likiwa limefungwa, mara nyingi la kilo 45, bila kujua kwa hakika kilichomo. Likifunguliwa, nguo bora huchaguliwa kwanza na kuuzwa kwa bei ya juu, kisha bei hushuka kadiri rundo linavyopekuliwa. Ukihitaji koti la kazini, uliza siku ya kufungua belo na ufike asubuhi. Ukitafuta nguo za watoto, ambao hukua upesi, rundo la mwisho linatosha.

Ukiona nguo inayokuvutia, usiulize bei kwanza, kwa maana bei ndogo huwafumba macho wengi. Anza na kitambaa: kikunje kiganjani, kibane kidogo, kisha kiachie. Pamba na kitani hubaki na mikunjo, ilhali poliesta hunyooka upesi na huhifadhi joto, jambo lenye uzito kwa mkazi wa pwani. Inyanyue nguo kuelekea kwenye mwanga, uangalie viwiko, makalio, mapaja kwa ndani na kola, kwani huko ndiko kitambaa huchakaa na kuwa chepesi kabla ya kwingine. Igeuze ndani nje, uvute mishono taratibu. Nyuzi zikifunguka sasa, hazitastahimili kufuliwa. Lastiki isiyorudi baada ya kuvutwa, au inayotoa sauti ya kukatikakatika, imekufa. Pandisha na ushushe zipu hadi mwisho. Kifungo kilichopotea ni jambo dogo, na zipu ya jinzi fundi cherehani ataibadilisha, lakini manjano ya jasho makwapani mwa shati jeupe na matundu ya wadudu kwenye sweta la sufu ni sababu tosha za kuliacha vazi, hata ukipunguziwa nusu ya bei.

Baada ya hapo, kadiria gharama ya fundi, ndipo mpatane. Onyesha kasoro kwa heshima na utaje bei inayozingatia marekebisho hayo. Naona si haki kumbana mchuuzi hadi auze kwa hasara, kwa kuwa nguo mbovu zilizokuwamo kwenye belo amekwisha kuzilipia.

Nguo za ndani ziache kabisa. Nchini Tanzania, Shirika la Viwango limepiga marufuku uuzaji wake zikiwa zimetumika, kwa ajili ya afya. Kuhusu mavazi mengine, mjadala haujaisha. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuusitisha uagizaji wa mitumba kufikia 2019 ili kuvilinda viwanda vya nguo, lakini shinikizo la Marekani kupitia AGOA, mpango wake wa kuziruhusu nchi za Afrika kuuza bidhaa huko bila ushuru, liliwarudisha nyuma wengi, na Rwanda, iliyoshikilia ushuru mkubwa, ilisimamishiwa mwaka 2018 nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Kwa maoni yangu, mnunuzi anayejali anaweza kununua makoti na jinzi mitumbani, kisha fedha ya vitenge, sare na nguo za sherehe akaipeleka kwa viwanda na mafundi wa hapa.

Unaponunua kwa simu, omba vipimo kwa sentimita, picha ya makwapa na ya lebo iliyopigwa mchana, na mkubaliane kwamba utalipa baada ya kuikagua nguo.

Viatu vinahitaji uangalifu zaidi. Bonyeza soli kwa kidole gumba na ukikunje kiatu, kwa sababu baadhi ya soli za plastiki laini huoza zikiwa stoo na kumeguka siku chache baada ya kuvaliwa, ingawa juu kiatu kinang'aa. Kagua pia kisigino: kilicholika upande mmoja kitakulazimisha kutembea kama mwenyewe wa kwanza.

Nyumbani, usichanganye mitumba na nguo nyingine kabla ya kuifua. Ifue peke yake kwa sabuni, kwa maji ya moto kadiri lebo inavyoruhusu, uianike juani na kuipiga pasi hasa kwenye mishono. Sufu ifuliwe kwa maji ya baridi na ianikwe ikiwa imelazwa kivulini, la sivyo itarudi au kupoteza umbo.