Kuonja salsa za chupa, kutoka pole hadi kali

Ukisimama mbele ya rafu ya salsa, yaani sosi ya nyanya na pilipili ya Kimeksiko, katika duka kubwa lolote la Texas utakuta kampuni moja imetoa chupa tatu zinazofanana: ya kwanza imeandikwa Mild, ya pili Medium, ya tatu Hot. Pole, wastani, kali. Maneno hayo hayana kipimo cha kisheria. Serikali kuu ya Marekani haijaweka kanuni inayosema salsa ikifikia ukali fulani ndipo iitwe kali, kwa hiyo kila kampuni inajipangia. "Wastani" ya huyu inaweza kuwa laini kuliko "pole" ya yule, na anayenunua kwa kusoma neno hilo moja anabahatisha.

Mimi hupikia harusi, arobaini na mikusanyiko ya watu wetu huku, na salsa nainunua kwa katoni. Nikichagua vibaya, wageni ndio wanaoumia. Kwa hiyo huonja kwanza, kwa utaratibu ninaokueleza hapa. Jambo ninalolitafuta si nani anavumilia pilipili. Ukali unaweza kuongezwa wakati wowote, hata mezani. Nyanya isiyo na ladha haiongezeki, na ukali mwingi huificha mpaka umeshalipa.

Hatua ya 1: Chagua chupa za kulinganisha

Anza na kampuni moja, ngazi zake zote tatu. Hapo unajifunza ukali unavyobadilika huku mapishi yakibaki karibu yale yale. Siku nyingine chukua ngazi moja tu, tuseme wastani, kutoka kampuni nne au tano. Usichanganye mazoezi haya mawili kwa mkupuo mmoja. Kaa kwenye salsa nyekundu za nyanya. Zile za kijani za tomatilo (tunda chachu la kijani linalofanana na nyanya), na zile zenye embe au nanasi, zipangie siku yao, kwa kuwa uchachu na utamu wake utakuvuruga.

Kisha geuza chupa usome nyuma. Sheria ya Marekani inataka viambato viandikwe kwa kufuata uzito, kizito zaidi kikitangulia. Kama mwanzoni kuna nyanya zilizokatwakatwa, tarajia vipande. Kama kuna maji na nyanya ya kopo iliyokolezwa, tarajia rojo laini lenye ladha ya nyanya iliyopikwa sana. Tafuta pia jina la pilipili: jalapeño, serrano, chipotle (hiyo ni jalapeño iliyoiva, ikakaushwa kwa moshi), au habanero, ambayo ni ndugu wa karibu wa pilipili mbuzi tunayoijua nyumbani.

Usidanganywe na mbegu zinazoelea. Kapsaisini, yaani kile kinachowasha, hutengenezwa kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu. Mbegu zenyewe hazina kitu. Zikiwasha ni kwa kuwa zimegusana na utando. Salsa imejaa mbegu na bado ni pole, hilo ni jambo la kawaida.

Hapa inafaa ujue jinsi viwanda vinavyocheza na ukali. Pilipili shambani haitabiriki: jalapeño za mmea mmoja zinaweza kutofautiana, na mmea uliokosa maji huzaa kali zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Benigno Villalon wa Chuo Kikuu cha Texas A&M alitoa jalapeño yenye ukali mdogo, na wenye viwanda wakaipenda, kwani waliweza kutia pilipili nyingi kwa ajili ya ladha bila kumchoma mlaji. Ukali wenyewe unaweza kuongezwa baadaye kwa kiasi kinachopimwa. Ndiyo maana salsa pole iliyotengenezwa vizuri bado inanukia pilipili mbichi. Ukikuta pole isiyo na harufu yoyote ya pilipili, jua mtengenezaji aliiondoa tu akaachia hapo.

Hatua ya 2: Andaa meza

Acha chupa nje ya friji, zikiwa zimefungwa, mpaka zifike joto la chumba. Baridi hufifisha harufu, na ubaridi ukitofautiana utalinganisha friji badala ya salsa. Joto nalo lina hila yake. Kipokezi cha mwili kinachoshtuka kwa kapsaisini, kinachoitwa TRPV1, ndicho hicho hicho kinachoshtuka kwa joto la kuunguza, kuanzia nyuzi kama 43 za Selsiasi. Mwanasayansi David Julius na wenzake walikitambua mwaka 1997, na ugunduzi huo ulimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Kwako wewe mwonjaji maana yake ni hii: salsa ya moto itawasha kuliko ile ile ikiwa baridi, basi zote ziwe na joto moja.

Unapofungua, bonyeza kwanza katikati ya kifuniko. Kikidunda juu na chini kabla hujakifungua, hewa imeingia; chupa hiyo usiionje kabisa.

Mimina vijiko vichache vya kila moja kwenye bakuli dogo jeupe, uandike namba chini ya bakuli. Mwenzako akikumiminia huku umegeuka, bora zaidi, maana jicho likishaona neno Hot ulimi huanza kuogopa. Weka kijiko safi kwa kila bakuli.

Kandokando weka wali mweupe usio na chumvi, au mkate, na maziwa au mtindi. Kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo glasi ya maji baridi hutuliza kwa muda wa kumeza tu. Maziwa yanasaidia kwa sababu protini yake ya kasini huishika kapsaisini na kuiondoa. Soda ondoa mezani, gesi yake ina mchomo wake. Usiwe umetoka kupiga mswaki wala kunywa kahawa. Na chipsi za mahindi, japo mkono utazitafuta, ziache kwenye mfuko mpaka hatua ya 5, kwani chumvi na mafuta yake vinapamba hata salsa dhaifu.

Hatua ya 3: Panga zamu na mapumziko

Anza na pole, malizia na kali. Hilo watu wengi wanalijua. Wasilolijua ni muda wa kupumzika, na hapo ndipo uonjaji mwingi unapoharibika.

Ukionja kijiko baada ya kijiko bila kupumzika, ukali hurundikana: kijiko cha nne cha salsa ile ile kitakuchoma kuliko cha kwanza. Ukipumzika dakika kadhaa kisha ukarudi, mara nyingi hali inageuka. Ulimi umezoea na salsa inaonekana imepoa. Hali zote mbili hukupotosha. Dawa yake ni mapumziko yaliyo sawa. Mimi huacha dakika tano kati ya bakuli na bakuli, wali kidogo, mtindi kidogo, kisha mdomo unasafishwa kwa maji. Baada ya kali sirudi nyuma. Nikihisi sikuisikia vizuri ile pole, naiacha hadi kesho.

Chupa tano kwa kikao zinatosha. Zaidi ya hapo unaandika maumivu yako.

Hatua ya 4: Onja

Angalia kwanza. Inamisha bakuli: je, maji yanajitenga na vipande? Kitunguu kinaonekana kitunguu, au kimeyeyuka? Kisha nusa, mdomo ukiwa umefumba. Unatafuta nyanya, kitunguu saumu, kotmiri, bizari nyembamba, moshi. Siki itakuwa ya kwanza kukupiga puani, na usiihukumu salsa kwa hilo peke yake. Salsa ya chupa inayokaa rafuni lazima iwe chachu, pH yake ikiwa 4.6 au chini, ili bakteria wa sumu ya botulini wasikue. Kachumbari ya kukata sasa hivi haina sharti hilo. Swali la haki ni kama uchachu umekaa ndani ya nyanya au umesimama peke yake.

Chota nusu kijiko cha chai. Kitandaze ulimini, pembeni na kaakaani, utafune vipande, kisha umeze. Ukitema, koo halitakuambia lolote, na kuna pilipili ambazo kazi yake yote iko kooni.

Sekunde chache za mwanzo ndizo zako. Kapsaisini huchelewa kidogo, na katika upenyo huo utamu, chumvi na uchachu husikika waziwazi. Jiulize haraka: nyanya ina ladha ya nyanya? Kitunguu kibichi au kimepikwa? Chumvi imezidi? Mlango ukishafungwa na ukali, majibu yako juu ya mambo hayo hayaaminiki tena.

Kisha ufuate ukali wenyewe, na utauona una tabia. Jalapeño mara nyingi huja upesi, mbele ya ulimi na midomoni, na huondoka upesi. Serrano hufanana nayo lakini ni kali zaidi. Habanero huchelewa, huanza na harufu ya matunda kana kwamba ni mpole, halafu hushuka nyuma ya ulimi na kooni na kukaa. Chipotle huja na moshi na utamu, ukali wake ukiwa chini chini. Kaa dakika nzima bila kula wala kunywa. Salsa nyingi zinazofanana sekunde ya kumi zinaachana kabisa ikifika ya hamsini.

Andika papo hapo. Karatasi yangu ina nafasi kwa mambo haya: ladha kabla ya ukali, ukali ulianzia wapi, ulifika kilele lini, ulitoweka lini, na namba kutoka 0 hadi 10. Namba ndiyo yenye thamani ndogo kuliko yote. Maelezo mazuri husomeka hivi: "Nyanya tamu, bizari kidogo, siki iko nyuma. Inawasha ncha ya ulimi mara moja, imepoa kabla ya dakika. 4." Ukisoma hivyo baada ya miezi, unaikumbuka.

Kuhusu vipimo vya Scoville, vya ukali wa pilipili, utaulizwa tu, basi ujue. Mfamasia Wilbur Scoville alibuni kipimo hicho mwaka 1912 akiwa kampuni ya dawa ya Parke-Davis, Detroit: dondoo ya pilipili ilipunguzwa kwa maji ya sukari mpaka waonjaji wasisikie ukali. Siku hizi mashine hupima kapsaisini moja kwa moja. Kwa vipimo hivyo jalapeño huwa kati ya 2,500 na 8,000, pilipili kichaa kati ya 50,000 na 100,000, habanero kati ya 100,000 na 350,000. Hizo ni namba za pilipili yenyewe. Ndani ya chupa imezungukwa na nyanya nyingi, hivyo lebo yenye picha ya habanero haikupi ukali wa habanero. Aliyekulia kwenye pilipili ya kusaga ya Unguja au Mombasa ataiona salsa kali ya dukani kuwa ya kawaida, na asiitupe kwa sababu hiyo. Imetengenezwa ichotwe kwa wingi, kipande kizima cha chipsi, ilhali yetu inagusishwa tu pembeni ya sahani.

Hatua ya 5: Irudishe kwenye chakula

Sasa fungua chipsi. Kisha jaribu na vile utakavyovipika kweli, maana matokeo hubadilika. Salsa kali juu ya maharage ya nazi hupoa sana, kwa kuwa tui lina mafuta na mafuta huiyeyusha kapsaisini. Juu ya nyama choma isiyo na mafuta mengi ukali unabaki ulivyo, na uchachu wa salsa unafanya kazi ambayo ndimu ingefanya. Kwa samaki wa kukaanga huchagua yenye kotmiri na vipande vikubwa. Kwa mayai, chipotle, na sijawahi kuona sababu ya kubadili. Zenye moshi huzikwepa kwenye pilau; zinagombana na mdalasini na karafuu.

Hatua ya 6: Changanya kwa ajili ya wageni

Kwenye shughuli kuna watoto, kuna wazee wenye vidonda vya tumbo, kuna vijana wanaotaka kutoka jasho. Usinunue chupa tatu za viwango vitatu. Nunua kwa wingi ile pole iliyoshinda kwa ladha ya nyanya, hata kama ni ya kampuni nyingine, na chupa chache za kali ambayo ukali wake unaondoka safi bila kuacha uchungu. Pole peke yake iwe bakuli la kwanza. Kwa bakuli la kati, vijiko vitatu vya pole kwa kimoja cha kali. Koroga, uache nusu saa, ndipo uonje tena. La tatu, nusu kwa nusu. Mezani liweke mbali na mikono ya watoto, kila bakuli na kijiko chake, na mtindi karibu. Kilichobaki chupani kirudi friji siku hiyo hiyo. Kilichokaa bakulini mwa wageni kimwagwe.